Mipira ya hita: ugonjwa uliojificha nyuma ya injini

Gari linapozeeka, mwenyewe hutazama tairi, hupima oili na husikiliza mlio wa breki. Ni wachache wanaoinama hadi nyuma kabisa ya injini kuitazama mipira myembamba ipelekayo maji ya moto kwenye hita. Mipira hiyo, ambayo wengine huiita hosipaipu, haina bei kubwa, na mara nyingi hukaa miaka 15 au hata zaidi pasipo mkono wa fundi kuigusa. Lakini siku inapopasuka haiondoki peke yake. Huweza kuondoka na injini nzima.

Msikilizaji aliyekulia Tanga, Mombasa au Bujumbura huenda akauliza hita ni ya nini katika gari. Kwake yeye kidude hicho cha rangi nyekundu kwenye dashibodi kilikuwa pambo tu, na aliyekigeuza kwa bahati mbaya alikaripiwa na abiria wote. Hali ni nyingine kwa Waswahili waliohamia Minneapolis, Leicester au Toronto. Huko hita si anasa. Ndiyo inayoyeyusha barafu na kufuta ukungu kwenye kioo cha mbele, na dereva asiyeona mbele hana tofauti na dereva aliyefumba macho. Ama kwa yule anayeishi Muscat au Dubai, ambaye tangu anunue gari lake hajawahi kuiwasha hita hata siku moja, naye hajasalimika, kwani maji yapitayo katika mipira ya hita ndiyo yale yale yanayoipoza injini. Mto ni mmoja. Hita ni kijito chake.

Kuelewa jambo hili ni nusu ya kazi. Pampu ya maji huyasukuma maji kuzunguka silinda na kupanda hadi kwenye silinda hedi, mahali penye joto kali kuliko pengine pote. Injini ikiwa bado baridi, thamostati huwa imefunga njia ya kwenda kwenye rejeta, ili injini ipate joto upesi. Maji yanapofikia nyuzijoto themanini na ushei, mlango hufunguka na rejeta huanza kazi yake. Kijito cha hita hakisubiri mlango huo. Hutoka kwenye injini, huingia katika rejeta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, feni huupuliza upepo katikati ya mapezi yake, na maji hurudi kwenye pampu. Kwa hivyo kuna mpira wa kwenda na mpira wa kurudi. Katika magari makubwa yenye viti vya safu tatu mara nyingi kuna hita ya pili huko nyuma, na hapo mipira hugawanyika, viungo huongezeka, na kila kiungo ni mahali pengine pa kuvuja.

Tatizo ni pale mipira hiyo inapopitishwa. Kwa kuwa rejeta ndogo imo ndani ya chumba cha abiria, mipira haina budi kutoboa ukuta wa chuma unaotenganisha chumba hicho na injini. Baina ya ukuta huo na mgongo wa injini kuna nafasi ambayo pengine haitoshi kiganja. Kiwandani mipira ilifungwa mapema, kabla ya vitu vingine kuja kuizingira. Fundi anayekuja miaka 20 baadaye hukuta nyaya, mabomba, mabano na vumbi la mabara mawili.

Mfano mzuri, na unaojulikana Afrika Mashariki, Ghuba na Marekani kwa pamoja, ni Toyota Land Cruiser ya toleo la 100, iliyouzwa kati ya mwaka 1998 na 2007. Sifa za gari hilo hazihitaji kurudiwa hapa. Wengi wamelipanda, na wengine wanaishi kwa kuliendesha. Yale yenye injini ya petroli ya lita 4.7 na silinda nane, pamoja na hita ya nyuma, yana viungo viwili vya plastiki vyenye umbo la herufi T, vilivyokaa nyuma ya injini mkabala na ukuta. Kimoja huyagawa maji ya moto, sehemu yakaenda kwenye hita ya mbele na sehemu ya nyuma. Cha pili huyakusanya yanaporudi. Lexus LX 470, ambayo kimsingi ni gari lile lile lililovishwa kanzu ya harusi, ina mpango huo huo.

Injini ile imejengwa kwa bloku ya chuma cha kusubu, na wapo wanaoitarajia ifike kilomita laki tano bila ya kufunguliwa. Lakini maisha yake yanategemea vipande viwili vya plastiki ambavyo mtoto anaweza kuvificha ndani ya ngumi. Plastiki iliyopikwa kwa maji ya moto kutoka ndani na kwa joto la injini kutoka nje, mwaka baada ya mwaka, hupoteza unyumbufu wake. Rangi yake nyeusi hugeuka ya kahawia, kisha hukauka kama kaki. Wamiliki wengi wa magari hayo wamesimulia jambo moja: waligusa tu kiungo kwa kidole, wakikikagua, nacho kikavunjikia mikononi mwao. Afadhali kivunjike uani, gari likiwa limezimwa. Kikivunjika barabarani, kulanti yote huweza kumwagika kwa muda wa dakika chache.

Mpira wenyewe nao una maradhi yake, na hapa ndipo macho yanapodanganyika. Watu wengi huukagua mpira kwa kuutazama nje. Wakiona haujapasuka husema uko salama. Kumbe mpira wa maji mara nyingi huoza kutoka ndani. Ndani ya mfumo mna kulanti, na mna metali za aina mbalimbali, yaani alumini, chuma na shaba. Mchanganyiko huo hufanya kazi kama betri dhaifu, na umeme huo mdogo hula mpira kwa ndani, ukichora mistari myembamba ambayo huzidi kuingia hadi mmoja wao unapotokeza nje. Uharibifu huu hupenda miisho ya mpira, karibu na klipu. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu hasubiri kuona ufa. Injini ikiwa imepoa kabisa, huuminya mpira kwa vidole viwili karibu na kiungo, kisha huuminya katikati. Ukiwa laini mno miishoni, au akihisi vijifereji chini ya vidole, hukumu imetoka. Ukiwa mgumu unaolia kama jani kavu, hukumu ni ile ile. Na mpira uliolowa oili kutokana na injini inayovuja hauna haja hata ya kuminywa, kwani oili huuvimbisha na kuulainisha mpira wa aina hiyo mpaka ukawa kama ubani uliotafunwa.

Dalili nyingine huja zenyewe kwa aliye tayari kuzipokea. Kulanti ina harufu ya utamu, na dereva huinusa aegeshapo gari baada ya safari. Palipo na kiungo kinachovuja kidogo kidogo, maji hukauka kwa joto kabla ya kufika chini, yakaacha ukoko wa waridi, mwekundu au kijani, kwa kadiri ya rangi ya kulanti yenyewe. Kwa hiyo sakafu kavu haimaanishi kwamba hakuna kinachovuja. Kioo cha mbele kikishika utando wa mafuta-mafuta kwa ndani, huenda ni rejeta ndogo yenyewe inayovuja, na huo ni msiba mwingine. Na chupa ya akiba inayotaka kujazwa kila mwezi inasema jambo ambalo mwenye gari hapendi kulisikia.

Hapa pana kosa moja ambalo wageni wa nchi za baridi hulifanya bila ya kujua. Nyumbani, maji yakipungua, mtu huchota maji ya bomba akaongeza, na safari ikaendelea. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huvumilia baridi hadi karibu nyuzijoto 37 chini ya sifuri. Kila anayeongeza maji matupu ili kufidia yanayovuja huidhoofisha kinga hiyo, kikombe baada ya kikombe. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma hakina pa kukimbilia. Usiku mmoja wa Januari huko Minnesota, ambako kipimajoto hushuka chini ya 20 hasi mara kadhaa katika majira ya baridi, unatosha kuipasua injini iliyosimama tu nje ya nyumba. Kwa aliye Oman hasara huja kwa mlango mwingine: maji matupu huchemka mapema kuliko kulanti, na hayana dawa ya kuzuia kutu.

Na ichukuliwe kwa mfano, kwa kubuni tu, mama mmoja aliyetoka Kisii anayeishi Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis chenye Wakenya wengi. Kazi yake ni kuhudumia wazee, na zamu yake huanza saa nne za usiku. Gari lake ni la mwaka 2003. Yuko katikati ya barabara kuu, theluji inaanguka, na ghafla upepo wa hita unakuwa baridi. Anadhani feni imeharibika, anavuta shali, anaendelea. Anautazama mshale wa joto: umetulia, hata unaelekea kushuka. Anafarijika, na hapo ndipo anapodanganywa. Kipimo cha joto kimetengenezwa kikae ndani ya maji. Maji yakiwa yamekwisha kinabaki hewani, na hewa hiyo haimwelezi kweli. Hita iliyogeuka baridi kwa ghafla ndiyo ilikuwa habari ya kwanza, nayo ilifika kabla ya mshale kusema neno. Anayejua hili huegesha pembeni na kuzima injini papo hapo, akapoteza mpira mmoja na usiku mmoja. Asiyejua husogea kilomita tano au kumi, hedi ya alumini ikapinda, gasketi ikaungua. Gharama ya matengenezo baada ya hapo mara nyingi hupita thamani ya gari lenyewe, na bila gari hakuna zamu.

Mfano huo unaweza kupelekwa kwenye barabara ya Muscat kwenda Salalah, takriban kilomita 1,000, sehemu kubwa ikiwa ni jangwa. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, na familia nyingi husafiri kwenda kuufuata ubaridi wa Dhofar. Baina ya Adam na Thumrait kuna mwendo mrefu sana pasipo kivuli. Gari likichemsha hapo, tatizo la kwanza si injini tena bali maji ya kunywa ya walio ndani.

Kuna suluhisho moja mashuhuri Afrika Mashariki ambalo halina budi kutajwa kwa haki. Hita ikianza kuvuja, fundi wa Dar es Salaam au Mombasa humuuliza mteja: "Bosi, hita ya nini na joto hili?" Kisha huchomoa mipira yote miwili, akaunganisha tundu la kutoka na tundu la kurudi kwa kipande kimoja kilichopinda, na kuiacha hita ikiwa kavu. Kazi ni ya nusu saa, na kwa pwani si kazi mbaya ikiwa kipande hicho ni kipya na klipu zake ni nzima. Ubaya wake huonekana gari linapouzwa Njombe au Limuru, ambako asubuhi ukungu hufunga vioo na mnunuzi hageuzi kitu kikafanya kazi. Na kwa anayeishi Leicester suluhisho hilo halimfai hata kidogo, maana kanuni za barabara za Uingereza zinamtaka dereva aondoe theluji na barafu kwenye vioo vyote kabla ya kuondoka, na ukungu utakaomrudia njiani hautafutwa na kiganja.

Suluhisho jingine, la kumimina dawa ya kuziba matundu kwenye rejeta, linastahili kuogopwa zaidi. Dawa hiyo haichagui tundu. Vijia vya rejeta ndogo ya hita ni vyembamba, na mara nyingi ndivyo vinavyozibwa kwanza.

Inabaki njia ya kubadilisha, na ugumu wake si wa elimu bali wa mkono na subira. Katika nchi ambako fundi hulipwa kwa saa, bei ya mpira ni kitu kidogo. Kinacholipiwa ni zile saa za kuufikia. Ndiyo maana wengi huamua kuifanya kazi hii wenyewe uani, siku ya mapumziko, na ndiyo maana pia wengi huiahirisha.

Injini ipoe kwanza, nayo haipoi kwa saa moja. Bora ilale usiku kucha. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi mfumo ukiwa na moto, kwani maji yaliyobanwa humo yamepita kiwango cha kuchemka, na yakipata upenyo hulipuka usoni mwa aliyefungua. Kulanti hukingwa katika beseni. Halafu hupigwa picha kwa simu, kutoka kila upande unaowezekana, kabla ya kulegeza chochote. Mwenye haraka huidharau hatua hii, na jioni yake huipitisha akijiuliza mpira upi ulitoka wapi.

Njia ya kufikia mahali penyewe hutofautiana. Kwenye Land Cruiser hiyo ya silinda nane mtu huondoa kifuniko cha juu cha injini na bomba la hewa, akatandika blanketi, akalala kifudifudi juu ya injini. Kwenye magari madogo ya familia ambayo injini zake zimelala kwa upana, pengine hulazimu kuondoa waipa pamoja na beseni la chuma lililo chini yake, ili mwanga uingie kutoka juu. Mengine hufikiwa kwa chini, baada ya kuondoa gurudumu la mbele. Saa nzima inayotumika kuondoa vizuizi si saa iliyopotea. Anayejaribu kupitisha mkono pasipo kuondoa kitu hufanya kazi bila ya kuona, na kazi ya kutoona ndiyo inayovunja.

Kinachoogopwa kuvunjika ni mabomba ya rejeta ndogo. Hutokeza kwenye ukuta kama pua mbili, na ukuta wake ni mwembamba. Mpira uliokaa humo miaka 20 umeshikana nayo kana kwamba umegundishwa. Mwenye nguvu huukamata kwa koleo, akausokota, akauvuta. Bomba likapinda au likang'oka, na hapo kazi ya mchana mmoja hugeuka kazi ya wiki, kwa sababu kuibadilisha rejeta ndogo katika magari mengi ni kuiteremsha dashibodi nzima. Mpira wa zamani unakwenda kutupwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuuhurumia. Huchanwa kwa kisu kikali kwa urefu, taratibu, bila ya kuikwaruza metali iliyo chini yake, kisha huambuliwa kama ganda la ndizi mbivu. Bomba likibaki tupu husafishwa kwa kitambaa kikali mpaka ukoko wote utoke, maana mpira mpya ukikalia ukoko utavuja siku ya kwanza.

Viungo vya plastiki navyo vitolewe kwa tahadhari, kwani vipande vyake vikivunjikia ndani husafiri na maji hadi kwenye hita. Kitambaa kilichochomekwa kwenye tundu kinatosha kuvizuia, mradi kihesabiwe wakati wa kukitoa. Kuhusu kinachowekwa badala yake, mafundi hawakubaliani. Wapo wanaorudisha plastiki ya kiwandani, wakisema kama ya kwanza ilidumu miaka 15, ya pili itadumu kuliko gari. Wengine huweka vya shaba au vya chuma kisichoshika kutu na kusahau kabisa. Hoja zote mbili zina uzito. Lisilo na hoja ni plastiki ya bei ya chini isiyojulikana ilikotoka, iliyonunuliwa ili kuokoa pesa ya chakula cha mchana.

Na hapa lipo jambo linaloleta ubishi kati ya fundi na mwenye gari. Mwenye gari huonyesha mpira uliopasuka na kusema ubadilishwe huo tu. Fundi aliye mwaminifu hukataa, na mteja humshuku kwamba anatafuta pesa. Lakini mipira yote iliingia garini siku moja, ikanywa maji yale yale na kupikwa na moto ule ule. Ukibadilishwa mmoja, mgandamizo wa maji utautafuta ulio dhaifu kati ya waliobaki, pengine baada ya mwezi, na njia ya kuufikia itabidi ifunguliwe upya. Mkono ukishafika kule nyuma, kila mpira, kila kiungo na kila klipu hubadilishwa, pamoja na vali ya hita ikiwa ni ya plastiki na ina umri ule ule.

Mpira mpya unapaswa kuwa wa hita, si wa kumwagilia bustani, wala si wa petroli. Katika magari mengi kipenyo chake cha ndani ni takriban milimita 16. Unaouzwa kwa mita ni nafuu, lakini palipo na kona kali hujikunja na kuufunga mkondo; hapo hutakiwa ule uliofinyangwa kiwandani kwa umbo lake. Ili uingie vizuri hulowanishwa kwa kulanti kidogo. Grisi na oili zisikaribie.

Klipu zina hadithi yake. Nyingi zinazouzwa madukani ni za skrubu, na mwenye bisibisi hujisikia salama kadiri anavyokaza. Lakini mpira hutanuka wakati wa joto na kunywea wakati wa baridi, na klipu ya skrubu haiufuati. Hivyo gari huvuja asubuhi ya baridi na kuacha kuvuja likipata moto, jambo linalowatia wengi wazimu. Klipu ya springi, ile ya kiwandani inayobanwa kwa koleo, huufuata mpira unavyopumua. Aidha, skrubu iliyokazwa juu ya kiungo cha plastiki huweza kukipasua siku ile ile kilipowekwa. Masikio ya klipu yaelekezwe upande ambao koleo litafika, kwa kumfikiria atakayekuja baada ya miaka mingine 15, ambaye huenda akawa ni mtu yule yule, mwenye mgongo uliozidi kuzeeka.

Kujaza maji ndiko kunakoharibiwa na haraka ya mwisho. Mfumo uliomwagwa umejaa hewa, na hewa hupenda kujificha juu na nyuma, yaani mahali hasa ambapo mipira ya hita imekaa. Kulanti ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji wa gari humiminwa polepole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa kama kuna mlima au jeki, na kidude cha hita kikiwa kimegeuzwa hadi mwisho wa joto ili vali ifunguke. Injini huwashwa, mapovu huanza kutoka, maji hushuka, huongezwa tena. Upepo wa hita ukitoka moto bila ya kukatika, injini ikiwa inanguruma taratibu, hewa imetoka. Ukija na kuondoka, bado imo.

Kulanti ya zamani iliyobaki katika beseni isiachwe uani wala kumwagwa kwenye mtaro. Aina iliyozoeleka ni sumu yenye ladha tamu. Paka na mbwa huilamba, na kiasi kidogo huwaua. Mtoto mdogo naye hatofautishi rangi hiyo na sharubati. Hutiwa katika dumu lenye mfuniko lililoandikwa wazi, na kupelekwa mahali panapopokelewa taka za aina hiyo.

Baada ya safari mbili tatu gari huachwa lipoe, chupa ya akiba ikatazamwa, na kiwango kikaandikwa au kutiwa alama kwa kalamu ya wino mzito. Siku za mwanzo kitashuka kidogo, kwa sababu ya hewa iliyosalia. Kinaongezwa. Juma la pili kinatazamwa tena, asubuhi, kabla ya kuwasha, pamoja na tochi na kioo kidogo cha mkononi cha kuangalia kule nyuma kama kuna tone.